Gari ya mkononi, kasoro za kificho: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu zimekuwa za magari tu, na karibu zote zinalia kilio kimoja: nimenunua kwa mtu binafsi, sio yadi wala duka, gari imegoma, muuzaji hapokei simu. Nimechagua chache, nyingine nimeziunganisha maana zinafanana. Majina ya waandishi nimeyaacha.

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua gari kwa mtu ambaye si mfanyabiashara, ni mstaafu alikuwa anaitumia mwenyewe kama miaka mitano. Tangazo lake liliandika "injini safi, haina shida, unawasha unaondoka". Nikaenda na shemeji yangu anayejua jua magari, tukaikuta ishawashwa inanguruma vizuri tu, tukazunguka nayo mtaa mmoja, tukalipa. Tukaandikishana karatasi na ina mstari unasema gari inauzwa kama ilivyo na mnunuzi ameikagua akaridhika. Wiki ya pili ikaanza kuchemsha. Fundi kufungua kifuniko cha oili anakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, anasema gasketi ya silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) imekwisha na hedi yenyewe imepinda, na hii sio kitu ya jana, akanionyesha kwenye rejeta kuna mabaki ya ile dawa ya kuzibia. Muuzaji anasema "ulikagua, uliridhika, ulisaini". Nina haki yoyote au ndo nishapigwa?

JIBU: Pole sana. Hujapigwa bado, ila nianze na habari mbaya halafu nije kwenye nzuri, maana watu wengi wanaingia kwenye ugomvi huu na silaha isiyo yao.

Habari mbaya ni kwamba zile haki unazosikia watu wanazitaja, sijui siku 30 za kurudisha, sijui bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha, nyingi zinamhusu anayeuza kama biashara. Uingereza kwa mfano sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa mbovu, lakini ni kama kauziwa na mfanyabiashara, sio na jirani. Na hata sheria ya zamani ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, ambayo ndo mama wa sheria za mauzo za nchi nyingi zilizopita kwenye utawala wa Mwingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, ahadi ya ubora inambana yule anayeuza ndani ya shughuli zake za biashara. Mstaafu anayeuza gari yake moja hayumo humo. Kwake kanuni ni ile ya kale, mnunuzi afungue macho.

Ila usiishie hapo kama anavyotaka muuzaji wako uishie hapo. Kuna mambo matatu ambayo hata mtu binafsi hawezi kuyakwepa. Kwanza gari iwe yake kweli, ana haki ya kuiuza. Pili ifanane na alivyoielezea. Tatu asiwe amekudanganya ili ununue, na kudanganya sio kwa mdomo peke yake, ukiziba ufa ili mkaguzi asiuone umedanganya kwa mikono. Kwahiyo ukikaa kumwambia "gari ni mbovu, nirudishie hela" atakushinda kila siku, kwasababu ubovu peke yake hapa haukusaidii sana. Swali lako liwe: alisema nini, alijua nini, na mimi nina nini mkononi cha kuonyesha.

Alisema nini? "Gari nzuri sana, utaipenda" hayo ni maneno ya sokoni, hakuna hakimu atakayeyashika. "Hedi haijawahi kufunguliwa" hiyo ni habari, ni kweli au si kweli. Yako, "injini safi, haina shida", iko katikati lakini naiona imeegemea upande wa habari, hasa ukiiunganisha na rejeta. Na hapo ndo kesi yako ilipo kwa maoni yangu. Dawa ya kuzibia uvujaji haijimwagi yenyewe kwenye rejeta. Kuna mtu aliona maji yanapungua au gari inachemsha, akanunua, akamwaga. Kama mzee ameimiliki miaka mitano, uwezekano mkubwa ni yeye au fundi wake kwa kujua kwake, na mtu aliyemwaga dawa ile halafu akaandika "haina shida", huyo alijua.

Nakuuliza na lingine ambalo umelipita haraka: mliikuta ishawashwa. Injini iliyokwisha kupata moto inaficha mengi, uwakaji mgumu wa asubuhi, moshi wa mwanzo, kelele za oili ikiwa bado chini. Sisemi alifanya makusudi, wapo wanaowasha kwa ukarimu tu. Lakini liandike kwenye maelezo yako, na shemeji naye aandike aliyoyaona siku ile kabla hajasahau.

Sasa ule mstari wa "kama ilivyo". Usiudharau, unafanya kazi. Unamkinga muuzaji dhidi ya uchakavu, dhidi ya vile ambavyo ungeviona ukikagua kwa akili ya kawaida, na dhidi ya kasoro ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Usichomkinga dhidi yake ni uongo wake mwenyewe. Ujerumani wameliandika wazi kwenye sheria yao ya madai, kifungu cha 444, kwamba muuzaji aliyeficha kasoro kwa hila hawezi kuutegemea mkataba unaomwondolea dhamana. Ufaransa wameenda mbali zaidi, sheria yao kuanzia kifungu cha 1641 inambana muuzaji kwa kasoro za kificho hata kama hakuzijua, na hata awe mtu binafsi, akitaka kujitoa lazima aandike kwenye mkataba, na kule kujitoa kunamfaa tu aliyekuwa hajui kweli. Sheria ya Kiingereza nayo imeshikilia siku nyingi kwamba mtu hajikingi na ulaghai wake mwenyewe kwa maneno ya mkataba. Unaona njia ni tofauti lakini zote zinakutana palepale, alijua au hakujua.

La kufanya leo, na nasema leo: gari isimame. Usiiendeshe hata kwenda dukani, na usimruhusu fundi abadilishe hedi kesho asubuhi kwa sababu una shida ya usafiri. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1958, jamaa kanunua lori lililotangazwa kuwa liko kwenye hali ya kipekee, safari ya kwanza tu likaanza kuonyesha matatizo, dainamo ikafa, gurudumu lina ufa, mafuta linakunywa kuliko alivyoambiwa. Akamlalamikia muuzaji, muuzaji akasema haya nitachangia nusu ya dainamo, jamaa akakubali, akalituma tena lori safari nyingine likaharibikia huko. Mahakama ikamwambia umeshalikubali hilo, haki ya kulirudisha umeipoteza. Na wakati muuzaji alikuwa amelielezea visivyo! Kilichomponza ni safari ya pili.

Ukishaiegesha, piga picha za kifuniko cha oili, rejeta na maji yaliyomo, fundi akiwa anafungua, tarehe ionekane. Tafuta fundi wa pili asiyejuana na wa kwanza wala na wewe, akuandikie ripoti, na muhimu aandike sio tu kimeharibika nini bali kwa maoni yake kimeharibika tangu lini na kwa dalili zipi, maana muuzaji atasema wewe ndo umeichemsha kwa kutokuangalia maji. Huo ni utetezi wa kweli bwana, gasketi inaweza kufa kwa siku moja ya uzembe, ila dawa iliyoganda kwenye rejeta ni ya zamani, fundi mzuri atalitofautisha. Chukua skrinishoti ya tangazo kabla halijafutwa, na meseji zote, hata zile za salamu. Kama unamjua fundi aliyekuwa anaihudumia gari kwa mzee, kamwone kwa heshima, mafundi wanakumbuka magari kuliko wenyewe.

Halafu andika. Usipige simu tena, andika: nimenunua gari fulani tarehe fulani, ulinieleza hivi, nimekuta hivi, ripoti hii hapa, naomba moja kati ya mawili, uichukue unirudishie hela yangu au unipe tofauti kati ya nilichokulipa na thamani yake ilivyo kweli na hedi mbovu, nakusubiri mpaka tarehe fulani. Bila matusi, bila kumtishia polisi. Barua ya namna hii inafanya kazi mbili, wengi wakiiona wanarudi mezani, na asiporudi ndo karatasi ya kwanza utakayompa hakimu. Mahakama za madai madogo pale zilipo huwa hazihitaji wakili.

Na ukimpata, mimi ningechukua mapatano ya haraka hata yakiwa pungufu kidogo kuliko kusubiri ushindi kamili. Ila hilo ni la mfuko wako, sio la sheria.

SWALI: Gari niliyonunua dashibodi inasoma kilomita elfu 82. Juzi nasafisha nikakuta chini ya kiti karatasi ya servisi ya miaka mitatu nyuma imeandikwa kilomita elfu 147. Nimemuuliza aliyeniuzia anaapa na yeye kaikuta hivyohivyo, na anasema ana mwaka mmoja tu nayo. Je naweza kumdai mtu ambaye na yeye kaibiwa?

JIBU: Hilo ni swali zuri kweli na limewahi kuwasumbua majaji wakubwa. Kesi mbili nakupa, zote Uingereza. Ya mwaka 1957, mtu binafsi aliuza gari yake kwa wauza magari akisema ni ya 1948, kitabu cha usajili kinasema hivyo, kumbe ni ya 1939, kuna mtu huko nyuma alichezea kitabu. Wanunuzi wakashindwa. Mahakama ilisema huyu mtu hakuahidi, alirudia tu kilichoandikwa, na wao ndo wataalamu, walikuwa na nafasi ya kujua kuliko yeye. Ya mwaka 1965 mambo yaligeuka: muuza magari alimwambia mteja injini imetembea maili elfu 20 tu tangu ibadilishwe, kumbe ni karibu laki. Yeye akabanwa, kwasababu kama mfanyabiashara alikuwa na uwezo wa kuchunguza na alisema kwa uhakika.

Kwahiyo kwako inategemea kama huyu jamaa anasema kweli. Angalia historia ya umiliki kwenye mamlaka ya usajili ya kwenu, iliandikishwa kwa jina lake lini. Kama kweli ni mwaka mmoja, karatasi ya miaka mitatu haimgusi moja kwa moja. Kama utakuta amekuwa nayo miaka minne, basi hakuna cha kuapa, karatasi ya servisi ni yake na kilomita zilirudi nyuma mkononi mwake. Huo si mgogoro wa madai tu, kuchezesha odomita ni kosa la jinai nchi nyingi, Marekani wamelipiga marufuku kwa sheria ya shirikisho tangu 1972.

Hata akiwa msafi usikate tamaa moja kwa moja, maana sehemu nyingi maelezo ya uongo yaliyokufanya ununue yanaweza kukupa njia ya kuuvunja mkataba au kulipwa fidia hata kama msemaji hakukusudia, ila hapo sheria itamwuliza kama alikuwa na sababu ya maana ya kuamini alichosema. Mtu anayesoma namba kwenye dashibodi ana sababu. Mtu aliyeona usukani umeng'aa, pedali ya breki imelika mpaka mpira umeisha na kiti kimebonyea upande mmoja, halafu bado anaandika "imetembea kidogo sana", huyo sina uhakika kama ana sababu. Peleka gari ikasomwe na mashine, kwenye magari mengi ya kisasa kilomita hazikai dashibodi peke yake, zinaandikwa na kwenye vifaa vingine kama kompyuta ya gia boksi, na wezi wengi wanarudisha ya mbele wanasahau ya nyuma.

SWALI: Kwenye tangazo ameandika mwaka na modeli, nikaenda nikaiona kwa macho nikaipenda. Sasa fundi wa bodi ananiambia hii ni magari mawili yameunganishwa! Amefunua kapeti ya katikati kanionyesha mstari wa weldi umepita sakafuni mlango hadi mlango, umepigwa puti na rangi juu. Muuzaji anasema na yeye hakujua, na mimi niliikagua.

JIBU: Yaani hii yako ina pacha wake kwenye vitabu. Mwaka 1967, Uingereza tena, mtu binafsi alitangaza gari aina ya Triumph Herald ya 1961. Mnunuzi akaja, akaiona, akanunua. Baadae ikagundulika nusu ya nyuma ni ya 1961 kweli, nusu ya mbele ni ya gari nyingine ya zamani zaidi, zimechomelewa katikati. Muuzaji hakujua lolote, na wote walikubali hakujua. Na bado alishindwa! Kwanini, kwasababu aliuza kwa maelezo, alisema ni ya 1961, na nusu gari ya 1961 si gari ya 1961. Kuona kwa macho hakukumsaidia muuzaji maana mnunuzi aliliamini tangazo kwa kile ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kwahiyo hapa ule mjadala wa alijua hakujua unapungua uzito. Maelezo yenyewe ndo mkataba. Chukua tangazo, chukua picha ya ule mstari wa weldi kabla kapeti haijarudi, na namba ya chasisi uilinganishe sehemu zote inapopigwa, kwenye bodi, kwenye kibati, kwenye kioo kama ipo, na kwenye kadi. Zikigombana nenda nazo polisi mapema kabla hawajaja wao kwako. Na tafadhali usiiendeshe. Gari iliyounganishwa hivyo ikigonga haikunji pale ilipokusudiwa, inakatika pale ilipochomwa.

SWALI: Gari imekamatwa, wanasema mwenyewe wa kwanza aliwekea mkopo hakumaliza. Mimi nililipa yote kwa mtu aliyeniuzia. Nimeitumia miezi minne, anasema hata nikidai atanikata hela ya miezi niliyotumia.

JIBU: Mwambie asubiri kidogo. Kanuni ni kwamba mtu hawezi kukupa kisicho chake. Mwaka 1923 mnunuzi mmoja aliuziwa gari, ikatumika miezi kadhaa, kisha polisi wakaichukua kwamba ni ya wizi. Mahakama ya rufaa Uingereza iliamuru arudishiwe hela yote, bila kukatwa hata ya matumizi, kwa hoja kwamba alinunua umiliki na umiliki hakuupata hata dakika moja. Yako ni mkopo sio wizi, kwahiyo kuna tofauti, sehemu nyingine sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua deni, na sehemu nyingine mkopeshaji akiwa amesajili dai lake basi ndo kakutangulia. Kitu cha kwanza ujue kama lile deni lilisajiliwa na lini. Hapa nakushauri wakili, tena mapema, maana mkopeshaji akiipiga mnada mambo yanakuwa magumu.

Kwa wengine mnaosoma: tafuta usajili kabla ya kulipa, jina la kwenye kadi liwe ndilo la kwenye kitambulisho cha aliye mbele yako, na hela ipite benki kwa jina hilohilo. "Kadi ni ya mjomba, yuko safarini" ni sababu tosha ya kurudi nyumbani.

SWALI: Aliyeniuzia alisema ni gari ya mke wake. Sasa nimegundua ana matangazo mengine sita, namba ni moja, na kila gari ni ya mke wake.

JIBU: Mke ana bahati huyo. Dada, hapo umepata kitu kikubwa kuliko kasoro yenyewe. Sheria haiangalii mtu amejiitaje, inaangalia anafanya nini, na anayenunua na kuuza mara kwa mara ili apate faida ni mfanyabiashara hata kama anauzia uani kwake. Akishakuwa mfanyabiashara zile ahadi za ubora nilizosema kwenye jibu la kwanza kwamba hazimhusu mstaafu, kwako zinarudi, na mstari wa "kama ilivyo" unaweza kupungua nguvu au kufa kabisa kutegemea ulipo. Kusanya matangazo yote, namba ionekane, tarehe zionekane. Angalia na kadi, mara nyingi watu hawa hawaandikishi gari kwa jina lao, inatoka kwa mwenye zamani moja kwa moja kwenda kwako, na huo nao ni ushahidi.

Na kama kulikuwa na dalali katikati, usimlilie yeye kwanza isipokuwa amekudanganya yeye kwa mdomo wake. Dalali kawaida anasimama kwa niaba ya mwenye mali, wa kudaiwa ni mwenye mali. Ila dalali aliyejua na kusema uongo ana lake la kujibu.

SWALI: Nimeshaitengeneza tayari, risiti ninazo. Naweza kudai?

JIBU: Kudai unaweza, kurudisha gari ndo ngumu. Shida yako ni kuthibitisha, fundi keshatupa vyuma vya zamani na ushahidi umeenda navyo. Kama bado viko nyuma ya gereji, kimbia leo ukavichukue, hata vikiwa na kutu.

SWALI: Mimi niko upande wa pili. Nataka kuuza gari yangu, gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi na kuna siku taa ya injini iliwaka nikaenda ikafutwa na mashine. Rafiki zangu wananiambia nyamaza, akiuliza jibu, asipouliza ni shauri yake. Ni kweli?

JIBU: Ahsante kwa kuuliza, nyie ni wachache. Rafiki zako wako sahihi nusu, na ile nusu nyingine ndo itakayokufikisha pabaya.

Sheria ya Kiingereza kweli kwa kawaida haimlazimishi muuzaji binafsi kutangaza kila kasoro, kunyamaza tu sio uongo. Lakini kunyamaza kuna mwisho wake. Ukisema "gia boksi iliangaliwa mwaka jana" ukaacha kusema fundi aliyeiangalia alikwambia inakufa, umesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli inahesabiwa uongo. Ukiipasha moto kabla mnunuzi hajafika ili gia isikwaruze, umeficha. Na ile taa uliyoifuta, kufuta kodi (ile alama ya hitilafu inayohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari) siku moja kabla ya mnunuzi kuja na tatizo halijatibiwa, hiyo ni kuficha moja kwa moja, na inaonekana, kwasababu ukifuta kodi kompyuta ya gari inafuta pia matokeo ya vipimo vyake yenyewe na inahitaji safari kadhaa kuvikamilisha upya, fundi wa mnunuzi akichomeka mashine anaona vipimo vingi "havijakamilika" na anajua kuna mtu kapita hapo karibuni.

Nje ya mahakama za Kiingereza wengi wanadai zaidi. Roma ya kale mahakimu wa masoko waliwalazimisha wauza watumwa na mifugo watangaze magonjwa na kasoro waziwazi, asiyetangaza mnunuzi anarudisha au anapunguziwa bei, na yale ya Ufaransa niliyotaja juu yametoka huko. Katika fiqhi ya Kiislamu ndo usiseme, haifai kumuuzia mwenzio chenye aibu bila kumbainishia, na mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa na hakuijua ana hiari ya kurudisha, ila akishaijua akaendelea kukitumia kwa kuridhia hiari inamtoka, umeona inavyofanana na yule wa lori?

Tuache dini na Roma, tuongee faida yako tu. Kasoro uliyoitaja na mnunuzi akaisaini haiwezi kuwa kasoro ya kificho tena. Itakupunguzia bei kidogo, sawa, lakini inakuondolea mtu mlangoni mwezi ujao. Usiandike "gari ina matatizo madogo madogo", huo ni mfuko wa kutupia chochote na hakimu atauona hivyo. Andika kwa jina: gia ya pili inakwaruza injini ikiwa baridi; taa ya injini iliwaka mwezi fulani, kodi ikafutwa bila kutengeneza chochote; bampa la mbele limepigwa rangi upya. Kilomita andika "zinazosomeka kwenye dashibodi", usiandike kwamba ndizo ilizotembea kama hukuinunua mpya. Mwache aje na fundi wake, aikute ya baridi, awashe yeye mwenyewe. Nakala mbili, mnasaini zote siku hiyohiyo mbele ya shahidi wa kila upande, na saa ya makabidhiano iandikwe, maana ikikamatwa na kamera ya barabarani jioni ile utahitaji kujua ilikuwa ya nani.